Kilo Mia na Kumi na Sita

Mwalugoye, njia ya Bugarama
12 Mei 2024

Shangazi Hosiana, shikamoo.

Najua masikio yako yamekataa simu, na simu yetu hapa nyumbani ni moja, mama mkwe huwa anasikiliza kila neno. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Barua hii naipa basi la Kahama, nao wataipa la Shinyanga. Ichukue pale Maganzo, dukani kwa Lalji.

Nina habari njema. Nina mimba, mwezi wa nne sasa. Enock tangu amesikia, anafanya kazi kule karasha huku akiimba, na ile mashine inavyosaga mawe kwa kelele, sijui anamwimbia nani. Limi amefikisha miaka tisa na ameshaamua kuwa ni mdogo wa kiume. Mama mkwe ananiletea maziwa asubuhi, uji wenye siagi mchana, na jioni anasimama mlangoni kuona kama sahani imeisha. "Mnakula wawili humo," anasema.

Mwili umejaa, Shangazi. Ungeniona usingeamini kuwa ndiye Theo aliyekuwa anakimbizana na mbuzi zako. Kule karasha wanamwambia Enock, "Mkeo umemtunza," naye anarudi nyumbani kifua mbele.

Kliniki nimeshaenda, kila kitu kizuri. Safari hii hakuna malaria itakayonichukulia mtoto.

Mwanao,
Theopista


Maganzo
20 Mei 2024

Theo mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa furaha. Mara ya pili na ya tatu niliisoma kama mkunga, na mkunga wa miaka thelathini na nne hatosheki na neno "kizuri".

Una kilo ngapi? Presha yako ni ngapi kwa ngapi? Mkojo wamepima? Sukari wamepima? Niandikie namba, siyo sifa.

Nitakwambia wazi maana nakupenda. Unene katika ujauzito si jambo la kujivunia karasha. Unakaribisha presha, unakaribisha sukari, mtoto anaweza kukua kuliko njia ya kutokea, na kidonda cha mama huchelewa kupona. Hayo maziwa na siagi mwambie mama mkwe wako ayapunguze. Mtoto wa miezi minne hali sahani ya mtu mzima. Mwili wako huo ni wa kuangaliwa.

Nijibu upesi.

Shangazi yako,
Hosiana


Mwalugoye
9 Juni 2024

Shikamoo Shangazi.

Nimekuelewa. Kumbe hata wewe.

Usiwe na wasiwasi, nimeshaanza kuupunguza. Nakula mara moja kwa siku, na mama mmoja wa sokoni ameniuzia majani ya kuchemsha ya kukata mwili. Nguo zimeanza kulegea. Utafurahi.

Theopista


Maganzo
13 Juni 2024

Mwanangu,

Mwaga hayo majani leo. Usingoje kumaliza barua, nyanyuka sasa hivi ukayamwage, kisha urudi usome.

Umeyamwaga? Haya.

Nimekosea na ninakuomba radhi. Nilikuandikia kwa haraka kama mtu anayejaza faili la mgonjwa, nikasahau kuwa ninamwandikia mtoto wa kaka yangu. Sikusema ukonde. Mjamzito hakondeshwi, awe mnene awe mwembamba. Ukishinda njaa, mtoto naye anashinda njaa, na hayo majani ya kuharisha yanakukausha maji ya mwili. Tunachotaka ni usiongezeke sana kuanzia hapo ulipo, na upimwe. Hakuna kingine.

Kula mara tatu. Ugali uwe kiasi cha ngumi yako, halafu mlenda, maharage, dagaa, mboga za majani mpaka ushibe. Soda acha. Michembe, hivyo viazi vikavu, kula kidogo, siyo bakuli. Asubuhi tembea nusu saa kabla jua halijawa kali.

Lakini hilo neno lako, "kumbe hata wewe", limekataa kunitoka tangu jana. Hata mimi na nani? Nani mwingine amekuambia kitu? Niambie, mwanangu. Mimi kwa sasa ni mzee asiyesikia, siri zangu haziendi popote.

Hosiana


Mwalugoye
24 Juni 2024

Shangazi wangu, shikamoo.

Barua yako ilinikuta kitandani. Siku moja kabla nilianguka kando ya kisima, ndoo ikiwa kichwani. Giza tu lilinijia. Wanawake wakanimwagia maji ya ndoo yangu mwenyewe, nikaamka nimezungukwa na vitenge. Mtoto alicheza jioni ile, ndipo nikapumua. Majani nimeyamwaga chooni.

Sasa nitasema ukweli, na ukimaliza kusoma unaweza kunikasirikia.

Kliniki nilienda mara moja tu, mwezi wa nne. Zahanati ya hapa Mwalugoye ina nesi mmoja, anaitwa Suzana. Nilipopanda mizani, mshale ulikwenda mpaka mia na kumi na sita. Nesi akasema kwa sauti, benchi zima likisikia, "Mama, mizani hii ni ya watu, ya magunia iko kwa wanunuzi wa mpunga." Wakacheka. Shangazi, hata mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote. Kisha akanifunga mkanda wa presha, ukaachia, akaufunga tena ukaachia, akaniambia niende nikapunguze mkono. Nikatoka nikicheka, nikafika nyuma ya ukuta wa shule, nikakaa chini. Sijarudi tena mpaka leo.

Na la pili. Mwanangu wa miaka mitatu iliyopita hakuchukuliwa na malaria. Hilo niliwaambia nyote kwa simu ili msiniulize zaidi. Alikuwa mzima tumboni mpaka saa ya mwisho. Nilizalia nyumbani kwa mama mkwe. Kichwa kilitoka, mabega yakagoma. Walivuta, walinikunja miguu, walisali. Alipotoka hakuwa na pumzi. Alikuwa mkubwa, Shangazi, mzuri, mashavu kama ya mtoto wa miezi mitatu. Mwanamke mmoja pale ndani akanong'ona, naye hajui kuwa nilisikia: "Amemminya mwanawe kwa mafuta."

Tangu siku ile kila nikijitazama nasikia neno hilo. Kwa hiyo ulipoandika kuhusu unene wangu, nilijua kuwa na wewe umeshajua kuwa nilimuua.

Theo


Maganzo
30 Juni 2024

Theopista binti wa kaka yangu,

Hukumuua. Naiandika tena: hukumuua. Mtoto mkubwa namna ile, kwa mama mwenye mwili kama wako, mara nyingi ni kazi ya sukari inayopanda wakati wa ujauzito. Haiumi, haiwashi, mama hajui lolote. Inajulikana kwa kupimwa tu, na wewe hukupimwa. Na mabega yakigoma, kuna namna ya kumgeuza mtoto, lakini inataka mikono iliyofundishwa na watu zaidi ya mmoja. Wewe ulikuwa na sala na wanawake waliokupenda. Havikutosha. Hilo si kosa lako.

Umenipa siri mbili. Chukua yangu moja, sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimevaa gauni jeupe, najiona. Akaja mama mmoja mnene, Mama Bartholomeo, mimba ya miezi mitano. Nikamuuliza mbele ya wenzake, "Wewe unakula na nani?" Benchi likacheka, naye akacheka. Ndiyo maana nilipofika penye mizani barua yako niliiweka chini, nikashindwa kuendelea kuisoma. Hakurudi. Baada ya miezi mitatu waliniletea kwa mkokoteni wa ng'ombe, anatupa mikono na miguu, povu mdomoni. Kifafa cha mimba. Presha ilikuwa imempanda wiki nyingi, hakuna aliyeiona, kwa sababu aliyepaswa kuiona alikuwa amemfukuza kwa mzaha. Alikufa saa nane mchana, na mtoto wake tumboni. Kadi yake ilikuwa na muhuri mmoja tu. Wangu.

Miaka yote iliyofuata nilikuwa namlipa yeye, Theo. Sikuwahi tena kupaza sauti kwenye mizani.

Basi fanya hivi. Pamoja na barua hii kuna bahasha mbili. Moja ni mkanda wa presha, ule mpana, wa mikono minene. Mkanda mdogo ukibanwa kwenye mkono mnene unasema uongo, unaonyesha presha ambayo haipo. Niliununua mwenyewe kabla sijastaafu. Bahasha ya pili ni ya Nesi Suzana. Usiifungue. Mkabidhi mkononi, nenda na Enock, usiende peke yako. Mwambie Enock kuhusu sukari na kuhusu mabega. Mwanamume anayeimba karasha anaweza kubeba habari nzito. Na siku yoyote kichwa kikikuuma mbele, ukaona nyota mchana au uso ukavimba, usingoje, kimbilia hospitali.

Goti langu haliniruhusu kusafiri, lakini jua kuwa niko nawe kwenye benchi lile.

Hosiana


Mwalugoye
4 Agosti 2024

Shangazi yangu kipenzi, shikamoo, na tena shikamoo.

Kaa vizuri, hii ni ndefu.

Nilimwambia Enock. Nilidhani atauliza kwa nini sikusema mapema. Badala yake akasema, "Miaka mitatu nimekuwa nikidhani ni vumbi la mawe ninalokuletea na nguo zangu." Kumbe naye alikuwa na lake! Tukalia wote wawili jikoni kama watoto, Limi akaja kutuuliza nani amefariki.

Siku ya kliniki alivaa shati la kanisani. Tulipofika, nilisimama getini nikataka kurudi. Enock akasema, "Twende, mama Limi, au nikubebe?" Nikamwambia jaribu uone. Tukaingia tunacheka, cheko letu wenyewe safari hii.

Nesi Suzana aliisoma barua yako akiwa amesimama. Halafu akakaa. Akaisoma tena. Sijui ulimwandikia nini na sitauliza. Alitoka nje kidogo, aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema mbele ya benchi lote: "Mama Limi, nilikukosea hapa hapa na nakuomba radhi hapa hapa. Siku ile nilikuwa nimechoka, lakini uchovu si ruhusa." Mimi nikajibu, "Nipime, nesi."

Akanifunga kwanza mkanda wao mdogo kwa nguvu: mia na hamsini na mbili. Akafunga wa kwako: mia na ishirini na sita. Akatikisa kichwa. Siku ile ile aliwapima wanawake wengine watatu wenye mikono kama yangu, na mmoja wao walikuwa wameshamwanzishia vidonge vya presha bila sababu.

Kisha sukari. Alininywesha maji ya glukosi nikiwa sijala, tukangoja saa mbili. Ilikuwa juu. Shangazi, nilipoiona ile namba sikulia. Niliifurahia, utaniona mwendawazimu. Kwa mara ya kwanza nilimwona adui kwa macho, ana namba, anaweza kupigwa.

Na ninampiga. Ugali ngumi moja. Mboga nyingi hadi Enock anasema tumekuwa mbuzi. Kila asubuhi natembea mpaka njia panda na kurudi, na wale wanawake watatu sasa tunatembea pamoja. Vijana wa mgodini wakipita na pikipiki wanapiga honi, nasi tunawapungia mkono kama wabunge. Wiki iliyopita sukari ilikuwa sawa bila dawa yoyote.

Vita kubwa ilikuwa na mama mkwe. Aliona uji umerudi haujaguswa, akasema nataka kumnyima mjukuu. Nilimketisha nikamweleza habari ya mabega. Yeye ndiye aliyemvuta yule mtoto, Shangazi. Mikono yake ndiyo iliyokuwa pale. Aliitazama mikono hiyo, akauliza, "Kwa hiyo haikuwa mikono yangu?" Nikamwambia haikuwa yako, haikuwa mwili wangu, ilikuwa kutojua. Tangu siku hiyo ananipikia mlenda na dagaa, na ole wake mtu atakayeleta soda humu ndani.

Suzana ameandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: kujifungulia hospitali, siyo nyumbani, siyo zahanati. Mwezi wa kumi nitahamia kwa binamu ya Enock, karibu na hospitali. Nimeongezeka kilo mbili tu.

Wabeja sana, Shangazi, asante kwa yote.

Theopista


Hospitali, kwenye benchi la nje
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mama Hosiana, shikamoo.

Mimi Enock. Samahani kwa mwandiko, sijazoea. Nimempigia jirani yako, simu yake haipatikani, kwa hiyo naandika na nitawapa watu wa basi.

Leo asubuhi Theo aliamka kichwa kinamuuma mbele, akasema anaona nyota mchana. Uso ulikuwa umevimba. Tulikuwa bado nyumbani, tulipanga kuhama Ijumaa. Mimi nilisema apumzike kidogo, labda ni jua. Akanitazama akasema, "Enock, nyota hizi nimeandikiwa na Shangazi. Tunaondoka sasa." Alikuwa ameshashika kadi na mfuko. Nikakimbia kutafuta gari.

Hapa wamepima, presha iko juu na mkojo una protini. Wamemchoma sindano ya kuzuia kifafa. Daktari, mama mmoja anaitwa Varsha, amesema hawangoji, wanamzalisha kwa upasuaji leo leo kwa sababu ya presha na kwa sababu ya mabega ya yule aliyetangulia. Amesema amewaita watu wa ziada na damu imetengwa. Ameniuliza, "Nani aliwaambia mje mapema?" Nikasema mke wangu mwenyewe.

Wamemwingiza sasa hivi. Mlango umefungwa. Alivyokuwa anapita alinipungia mkono.

Niombee mama. Sijui niandike nini kingine.

Enock


Hospitali
14 Oktoba 2024

Shangazi!

Ni mvulana. Yuko hai. Niko hai.

Naandika nimekaa wima, mwenyewe, bila mtu wa kunishika. Jirani yako amempigia Enock kusema kuwa barua yake ilikufanya ushinde kanisani siku mbili. Nisamehe, hakujua aandike nini.

Nitakupa namba kama ulivyonifundisha. Presha nilipoingia: mia na sabini kwa mia na kumi. Sindano ya mgongo: walijaribu mara tatu maana mfupa wangu umejificha, na Daktari Varsha kila mara alikuwa ananiambia, "Tunafika, Mama, tunafika," hakuguna hata mara moja. Mtoto: kilo tatu na nukta saba. Muda tangu kisu mpaka kilio: sikuhesabu, Shangazi. Nilikuwa nasikiliza.

Na alilia! Alilia kabla hawajamtoa miguu. Mganga wa usingizi akasema, "Huyu ana madai." Nikacheka na tumbo likiwa wazi, wakaniambia mama tulia tunashona.

Damu ilitoka nyingi kidogo, wakawahi. Walipima sukari ya mtoto mara kwa mara siku ya kwanza, wakanihimiza nimnyonyeshe mapema, akashika ziwa kama mchimbaji aliyeona mwamba. Kesho yake asubuhi walinisimamisha nitembee ili damu isigande miguuni. Nilidhani nitakufa kwa maumivu. Nilifika mlangoni. Jioni nikafika mwisho wa wodi. Sasa wauguzi wananiita Trafiki, maana niko njiani kutwa.

Daktari alikuja kukaa kitandani kwangu akasema ningengoja mpaka Ijumaa tuliyopanga, huenda angekuwa anaongea na Enock peke yake. Nilimwambia nina shangazi Maganzo.

Mama mkwe amekuja. Alipoletewa mtoto alirudisha mikono nyuma, nikamwita mama kwa Kisukuma, "Mshike mayu, yuko imara." Akamshika. Mpaka sasa hajampa mtu mwingine.

Theopista


Maganzo
19 Oktoba 2024

Mama wa mvulana,

Nimesoma. Lalji amenisomea tena kwa sauti ili duka zima lisikie, mimi nikiwa naangalia midomo yake. Watu walipiga vigelegele. Sikuvisikia lakini niliviona.

Sasa sikiliza, mkunga hajamaliza. Kidonda kiwe kikavu, ukiona usaha au homa rudi hospitali. Presha ipimwe kila wiki. Baada ya wiki sita pima sukari tena, kisha kila mwaka maisha yako yote. Na uzazi wa mpango, zungumza na Suzana kabla Enock hajaanza kuimba.

Theo, miaka thelathini na sita nimekuwa nikimwona mama mmoja juu ya mkokoteni. Juzi nilipofumba macho nilikuona wewe, unaingia hospitali kwa miguu yako, kadi mkononi.

Nakupenda. Kilo zote.

Hosiana


Mwalugoye
15 Desemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Leo tumembatiza. Anaitwa Donatus.

Kidonda kimefunga, presha imeshuka, sukari imerudi mahali pake. Suzana alikuja na zawadi ya kofia ya sufu na akakaa benchi letu, karibu na mama mkwe. Limi anasema mdogo wake anafanana naye, jambo ambalo si kweli kabisa.

Wakati wa matoleo kwaya ilianza wimbo wa Kisukuma wa shukrani, ule wenye ngoma nzito. Nilikuwa nimepanga kutembea polepole kama mtu aliyepasuliwa. Enock akiwa mbele na mtoto, mimi nyuma na kikapu cha viazi kichwani. Shangazi, sijui ilikuwaje. Mguu ulianza wenyewe. Halafu bega. Halafu nikawa nacheza, mimi, na mwili huu wote, katikati ya kanisa, kitenge kinapepea. Tangu nimzike mwanangu sikuwa nimecheza mbele ya watu. Nilijua wananitazama na nikataka wanitazame. Mama mkwe akaachia kigelegele kilichopita paa, wale wenzangu watatu wa kutembea wakatoka kwenye mabenchi wakaniunga mkono, matumbo yao mbele, mmoja amebakiza wiki mbili.

Nilipofika altareni kwaya ilidhani nimemaliza, ikapunguza sauti. Padre akanyoosha mikono apokee kikapu. Nikatikisa kichwa, bado. Akarudisha mikono chini. Ngoma ikaanza upya, na kanisa zima likasimama likanisubiri mpaka nilipotosheka.

Mwanao,
Theopista, Mama Limi na Donatus